Fenesi la Ijumaa

Kosa langu nakumbuka, lilianza mdomoni,
posa nilipopeleka, kwa wakwe kule Tiwini,
sinia likanifika, fenesi tele pomoni.
Nikasema nikicheka: "Hili, mama, la moyoni!"

Lilikuwa la adabu, neno lile, si la hamu;
ulimi ulipojibu, tumbo lilinilaumu,
nikameza kwa taabu, ja dawa ya mahamumu.
Nikapata mke, babu, na fenesi la kudumu.

Ijumaa haipiti, Likoni avuka feri,
mavyaa Bi Mwanasiti, na gunia la fahari:
tunda kubwa kama kiti, ngozi ya mamba dhahiri.
Hunambia: "Mwana, keti, kula hadi alasiri!"

Harufu? Niseme nini? Ni soksi na asali,
vilivyofungwa pipani, vikaoana halali;
yatoka kwangu jikoni, yaingia na hoteli.
Paka wote Kibokoni, walihama Jumapili.

Mwenye nyumba Bawaziri, kadhani gesi yavuja,
akaita askari, zimamoto nao waja,
na shoka zao tayari, mlangoni wakangoja.
Wakatoa, kwa hadhari, uvunguni tunda moja.

Ulimbowe una nguvu, hautoki kwa mafuta,
wagandisha hata ndevu, kinyozi akanisuta.
Imamu, kwa utulivu, mkono kaufumbata:
mikono shavu kwa shavu, dakika kumi twavuta.

Wapo wanaolisifu, ati halua ya miti,
ati humpa dhaifu, nguvu za kung'oa nati.
Walile safu kwa safu, watie hata chapati!
Mie danzi, japo chafu, nala na kokwa za kati.

Jirani yangu Mbaruku, nilimpa kwa huruma,
kalirejesha usiku, na bahasha ya lawama.
Nikalitupia kuku, wote wakarudi nyuma;
jogoo mwenye shauku, hajawika juma zima.

Nililiacha jaani, usiku, pale Makupa.
Karisa yu mlangoni, jasho lamwenda kwa pupa:
"Mali yako, Shaibani! Nani mwizi kaitupa?"
Nikazama mfukoni, mia mbili nikalipa.

Usiku naota, basi, fenesi lina kilemba,
lajileta kwa nafasi, laketi, tumbo lavimba,
lasema: "Sina mkosi, nimekuja kwa mchumba."
Nazinduka, wasiwasi, naulizia kilemba.

Mke ajua, Rukiya, siri yangu toka mwanzo,
hukaa kando, mbaya, kwake yeye ni mchezo:
"Mama, huyu aliliya, lilipokwisha la mwanzo!"
Nikikohoa kwa haya, halisikii katazo.

Juzi nikajipa moyo, nikanena sawasawa:
"Mama yangu, sina choyo, fenesi lanisumbuwa,
tangu posa hadi leyo, nikilila huuguwa."
Nikangojea kiliyo, au talaka kupewa.

Kumbe! Alicheka sana, miwani ikaanguka:
"Nami silipendi, mwana! Harufuye yaninuka!
Mti ningekata jana, kwako wewe nauweka,
kulibeba nako, bwana, mgongo umepindika!"

Tukacheka sote, raha, moyo wangu ukatua.
Akafuta, kwa mzaha, machozi, akainua
kidole: "Lako la siha, mwanangu, nimelijua:
papai! Si la fedheha, mtini nitatungua."

Papai! Papai tena! Telezi, ja konokono,
mbeguze nikiziona, ni za mbuzi, si mfano.
Rukiya ameshaguna, ananishika mkono…
Nikacheka, nikanena: "Hilo, mama, tamu mno!"